Kiatu Kilibaki kwa Pedeli

Jumamosi jioni pale Gede, njia panda ya kuingia Watamu, nliacha kiatu kimoja kinaning'inia kwa baiskeli mimi nkaingia kibandani na soksi. Mama wa viazi karai akanitazama mguu, akatazama baiskeli, akauliza, "Mwanangu, kiatu kimekufinya?" Nkamwambia la mama, kimekataa kutoka. Kutoka wapi? Kwa pedeli. Akanyamaza kidogo, akanimwagia ukwaju juu ya viazi, hakuuliza tena.

Kilichotokea ni hivi. Kiatu changu chini kina kipande cha chuma, ndio kliti hiyo, kimeshikwa na skrubu mbili. Kliti inaingia kwa mdomo wa pedeli inajifunga ka! halafu ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwa nje, springi inaachia, mguu huo chini. Sasa mahali fulani baina ya Malindi na Gede skrubu moja ilidondoka nami sina habari. Ikabaki moja, na kitu kilichoshikwa na skrubu moja kinazunguka tu kama feni. Nlipozungusha kisigino kiatu kilifuata vizuri sana, kliti ikabaki imelala palepale ndani ya pedeli. Nkazungusha tena. Baiskeli inaishiwa na mwendo, lori la mawe liko nyuma yangu linapiga honi, mguu haubanduki, ikabidi niukumbatie mwarobaini ulio kando ya barabara, wallahi nliukumbatia kama ndugu aliyerudi Uarabuni, nkafungua velkro nkatoa mguu, kiatu nkakiacha.

Kuna watu wananiuliza tangu Ramadhani niandike kuhusu hizi pedeli za kujifunga, zipi nzuri, viatu gani, mtu aanzie wapi. Nlikuwa naahirisha. Basi leo naandika manake yote nliyojifunza yamenirudia kwa siku moja.

Jina kwanza, linachanganya watu. Kwa Kiingereza zinaitwa kliplesi, yaani zisizo na klipu, na mtu akisikia hivyo anajua ni zile za kawaida zisizofunga, kumbe ndizo zinazofunga. Alienifafanulia ni mzee mmoja Mtaliano wa huku Casuarina, amekaa Malindi miaka mingi mpaka Kiswahili chake kina mapigo ya Kigiriama. Anasema ujanani mwake klipu ilikuwa ile kikapu ya chuma mbele ya pedeli, unaingiza kidole halafu unakaza mkanda wa ngozi, na ukitaka kusimama lazima uiname uulegeze kwa mkono. Ukisahau unaanguka umefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Halafu Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, mwaka 1984 wakaleta pedeli ya kujifunga kwa ufundi uleule wa theluji, na 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France nazo, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa. Klipu ikaisha hapo, jina la "bila klipu" likabaki. Mzee akinisimulia hua anainama kabisa kunionyesha alivyokuwa akilegeza mkanda, na mgongo wake si wa kuinama siku hizi.

Sasa kosa langu la kwanza lilitokana na Tour hiyohiyo. Nlitaka za akina Chris Froome, yule bingwa wa Tour aliyezaliwa Kenya. Nkaona mtandaoni mtu anauza viatu vyeupe vizuuuri, soli ya kaboni, na pedeli zake, nkatuma pesa. Hii familia ya pedeli za barabarani, kliti yake ni pembetatu kubwa ya plastiki, imefungwa kwa skrubu tatu, na imetokeza chini ya soli yote. Kuendesha, sikudanganyi, ni tamu. Mguu umekaa kwa kitu kipana hautikisiki. Shida ni kushuka.

Ami yangu alipoviona mara ya kwanza akavigeuza, akapapasa chini, akasema, "Njumu gani hizi, zina jino moja moja?" Nkamwambia ami, si za mpira. "Ndio maana, kwa jino moja utamfunga nani."

Nlikuwa nnatoka baada ya Asr, Maghrib inanikuta njiani, nasimama msikitini. Hebu jaribu kutembea na pembetatu ya plastiki kwenye baraza lenye vigae. Kwa, kwa, kwa, kama mbuzi juu ya mabati, kila mtu anageuka, na vidole viko juu kuliko kisigino kwa hivyo unatembea kama bata. Nkiviacha mlangoni na ndara za wenzangu, nkitoka nakuta watoto wamevaa kimoja kimoja wanateleza. Tena huku kwetu ukitoka lami tu unakanyaga changarawe na mawe ya matumbawe, yale makali, na plastiki haiwezi. Kliti zangu za kwanza zilimalizika ncha ya mbele kwa miezi miwili, na nusu ya miezi hio baiskeli ilikuwa imeegeshwa. Kuna vifuniko vya raba vya kuvalisha juu yake ukitembea, nlivinunua, kimoja kilibaki Mambrui mpaka leo.

Na ile pedeli ina uso mmoja tu wa kujifunga. Inaning'inia na kisigino chake kizito chini, lazima uikwangue kwa kidole cha kiatu igeuke ndio uingie. Barabara ndefu tupu si neno, unaingia mara moja umemaliza. Lakini toka hapa mjini mpaka ufike nje uhesabu umesimama mara ngapi, tuktuk imesimama ghafla kubeba mtu, mkokoteni wa maji unakata, mbuzi, bodaboda anakuja upande wako. Kila ukisimama unaanza tena kuitafuta pedeli huku macho yako chini. Mimi naona hio ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe.

Kwa hivyo nkahamia familia ya pili, SPD za Shimano, kampuni ya Kijapani, zilizotoka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Hawa walijua mtu wa milimani atashuka asukume. Kliti ni kipande kidogo cha chuma, skrubu mbili, na imezama ndani ya soli, meno ya raba yamepanda kulizunguka, unatembea kama mtu mwenye akili zake. Pedeli yenyewe inafunga pande zote mbili, unakanyaga tu. Chuma hailiki haraka. Wanaojua sana watakwambia SPD ni nzito na uso wake ni mdogo, ni kweli, mguu ulio kwa kiatu cha soli laini utahisi kile kidonge chini ya unyayo baada ya saa mbili. Dawa yake ni soli ngumu, si kubadilisha pedeli. Kuna zile Eggbeater za Crankbrothers pia, kama kipigio cha mayai kweli, zinafunga pande nne na mchanga hauzisumbui, kliti zake ni za shaba zinalika mapema. Rafiki yangu anazo, anazipenda, mimi sikuhamia.

Kama una baiskeli moja tu na ndiyo unayoendea dukani na ndara, kuna pedeli za uso mmoja bapa uso mmoja SPD. Zile nampendekezea mtu anayeanza. Utakuwa unaitafuta upande, ndio, lakini shemeji akiiazima hatakulaani.

Tafadhali kabla ya kununua chochote geuza kiatu uangalie soli. Matundu mawili ya mlalo ya kuteleza mbele na nyuma, hio ni SPD. Matundu matatu ya pembetatu, hio ni ya barabarani. Kliti inakuja na pedeli, haiji na kiatu, na watu wengi wananunua viatu mitumba halafu wanafika kwa fundi haviingiliani. Viko viatu vyenye matundu yote, ukivipata shukuru.

Na mimi ningesema anza na kiatu kabisa, pedeli baadaye. Pedeli mbaya utaivumilia, kiatu kibaya hukivumilii. Sisi miguu yetu imelelewa na ndara na mchanga, mbele imetanuka, na viatu vingi vya baiskeli hasa vya Kitaliano vimekatwa vyembamba kama vya arusi. Yule mzee aliniuzia vyake kabla hajarudi kwao kwa likizo, namba yangu hasa, nkavaa asubuhi vikakaa. Nkaenda navyo daraja la Sabaki na kurudi, jua lile la saa nne, miguu ikavimba, kidole kidogo kikafa ganzi sikukihisi mpaka nlipofika nyumbani. Kwa hivyo pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba na joto la siku, na soksi utakayoendeshea. Simama juu ya karatasi, chora mguu kwa kalamu, pima urefu na upana wote, halafu ulinganishe na soli ya ndani ya kiatu, ile unayoweza kuitoa. Kisigino kisipande ukitembea, vidole viweze kucheza kidogo. Matundu ya hewa kwa huku kwetu ni lazima, hata chini ya soli, manake jasho linajaa kama kisima.

Kwa mitumba angalia mambo matatu. Kunja kiatu kwa mikono, kikikunjika katikati kama raba ya shule wacha. Vuta soli pembeni, viatu vilivyokaa stoo miaka gundi inakufa na soli inatoka nzima siku ya kwanza, yangu ilitokea karibu na uwanja wa ndege nkarudi nimeifunga kwa kamba ya mfuko wa unga. Na chungulia ndani chini ya ile soli ya kutoa, kuna kibati chenye nati ambapo skrubu za kliti zinashika. Kikiwa kimeoza kutu umenunua viatu vya kwenda sokoni.

Sasa kufunga kliti. Hapa ndipo pa kukaa kitako, usifanye haraka.

Fundi wangu yuko karibu na soko la zamani, baiskeli nyingi anazotengeneza ni za wabeba maji na wauza madafu, na mara ya kwanza alipoona kliti alizibatiza makufuli. Alinikalisha juu ya kreti la soda nimevaa viatu. Akapapasa kwa kidole gumba pembeni ya kiatu mpaka akapata kile kifundo cha kidole gumba cha mguu, akatia alama ya chaki. Akaenda upande wa nje akatafuta kifundo cha kidole kidogo, chaki tena, hicho kiko nyuma zaidi. Akageuza kiatu akavuta mstari baina ya zile alama, akaweka katikati ya kliti pale, halafu akairudisha nyuma upana wa kucha. Sikumfundisha mimi, nlimwambia tu mhimili wa pedeli upite chini ya hapo penye mpira wa unyayo, mengine ni akili yake. Ile kurudisha nyuma kidogo inapunguzia misuli ya nyuma ya mguu kazi, hasa kama unapiga masafa.

Pembe ndiyo iliyoniumiza. Akaniweka mezani miguu inaning'inia tuone vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Wa kushoto ulikuwa sawasawa, wa kulia unaangalia nje, nnatembea hivyo tangu utotoni nlipoanguka kwa mkanju. Mimi kwa ujuaji wangu nkasema weka zote sawa, zionekane vizuri. Nkaenda Mambrui. Kurudi, pale mpando wa baada ya daraja, goti la kulia upande wa nje likaanza kuchoma kama mtu ananichoma sindano kila nkikanyaga. Nlipofika fundi hakusema kitu, akachukua alenki ya 4, ule ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, akalegeza, akazungusha kliti kidogo sanaaa ili kisigino kikae ndani na kidole kitoke nje kama mguu unavyotaka wenyewe. Wiki iliyofuata goti kimya. Goti likiuma usiende kununua dawa ya kuchua kwanza, angalia kliti.

Kuna pia ule mchezo ambao mguu unaruhusiwa kucheza ukiwa umefungwa. Kwa zile za barabarani za Shimano rangi ndiyo inakwambia, njano nyuzi 6, buluu 2, nyekundu hakuna kabisa. Anaeanza achukue njano. Nyekundu ni za watu waliopimwa miguu na wataalamu, mimi na wewe tumepimwa na chaki. Kwa SPD kliti ya kawaida inaandikwa SH51, inatoka ukizungusha kisigino pembeni tu, na iko SH56 inayoachia pande nyingi zaidi, hata ukivuta kwa hofu huku mguu umepinda inakuachia. Waoga wenzangu, ni hio.

Ukishafunga, nenda nyuma ya pedeli, utaona kiskrubu kidogo, alenki ya 3, chenye alama ya kuongeza na kupunguza. Hicho ni mkazo wa springi. Legeza mpaka karibu na mwisho, na kumbuka kila pedeli ina nyuso mbili kwa hivyo viskrubu ni vinne, hesabu mlio wa tiki tiki viwe sawa vyote, la sivyo uso mmoja utakuachia na mwingine utakukamata. Halafu shika ukuta. Ingia toka, ingia toka, mara hamsini, mguu mmoja kwanza. Unaanza kuzungusha kisigino kabla hujasimama, ukiwa bado una mwendo. Kuvuta juu hakusaidii, kuvuta juu ndiko ambako kila mtu anafanya akipaniki. Mimi nlianguka mbele ya stendi ya tuktuk, polepole, kama mnazi unaokatwa, nna muda wa kusema bismillahi yote mpaka mwisho. Hakuna aliyenicheka palepale. Walingoja niinuke.

Je, zina faida? Watu watakwambia utakuwa unavuta pedeli juu na kukanyaga chini, nguvu mara mbili. Nkijisikiliza mwenyewe, nkiwa kwa mwendo wa kawaida sivuti chochote, nakanyaga kama yeyote. Ninachoona ni kwamba mguu hautoki mahali pake, mvua ya masika ikinipiga sitelezi, na kusi likivuma Julai ile nyakati za kushuka kuelekea Gede, upepo uko usoni njia yote, naweza kusimama juu ya pedeli nikapigana nalo bila kufikiria mguu. Kurudi kusi linakusukuma mgongoni, hapo hata ndara zingetosha.

Kitu ambacho vitabu vya Wazungu havikisemi sana ni chumvi. Hewa yetu inakula chuma usiku umelala. Kila nkitoka pwani namwagia pedeli na kliti maji baridi ya tangi, nakausha, natia tone la mafuta ya cherehani kwa springi. Skrubu za kliti zipakwe grisi kabla hazijaingia, zisipopakwa baada ya mwaka hazitoki, na kichwa cha skrubu kinajaa mchanga mpaka alenki haishiki, inateleza, unakimaliza. Fundi hua anachokoa mchanga wote kwanza kwa sindano ya kushonea magunia, kisha ndio anatia alenki na kuigonga kidogo ikae. Na pedeli zenyewe, ya kushoto inafunguliwa kinyume, uzi wake ni wa kushoto, wa kulia ni wa kawaida. Kijana wa jirani alinisaidia siku moja bila kuombwa, akaikaza ya kushoto akidhani anaifungua, akaning'inia nayo na bomba la kuongeza nguvu. Kranki, ule mkono unaoshika pedeli, ikiwa ya aluminiamu haina subira. Nlinunua nyingine.

Na hapa ndipo nliporudi kwa Jumamosi yangu. Zile kliti nlikuwa nimezibadilisha Alhamisi usiku mwenyewe, mpya, nna haraka, grisi nlipaka. Shimano wanaandika zikazwe niutoni-mita 5 mpaka 6, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, nami sina spana ya kupimia, nakaza mpaka mkono unahisi basi. Ninalolijua na sikulifanya ni kwamba kliti mpya inauma soli kidogo kidogo safari ya kwanza, inajitafutia kitako, skrubu inalegea yenyewe, kwa hivyo baada ya mwendo mfupi lazima ukaze tena. Nlienda Casuarina na kurudi Ijumaa, nkaoga, nkala, nkalala.

Pale Gede kijana wa bodaboda alikuwa na bisibisi bapa. Nkamwonyesha ule mdomo wa nyuma wa pedeli wenye springi, akausukuma nyuma, mimi nkavuta kiatu, kikatoka na kliti yake imeelekea Kilifi. Nlitoa ile skrubu iliyobaki, nkatia kliti mfukoni, nkamaliza viazi. Kilomita zote za kurudi mguu wa kulia umefungwa, wa kushoto unateleza juu ya pedeli kila nkigonga shimo, na kijua kinazama.

Ami alikuwa barazani nlipofika. Akaniangalia nkiinua kiatu kukitoa mchanga, akakiomba, akakigeuza.

"Sasa hata lile jino moja limeng'oka?"